Chuma Kipya Chenye Kutu

Kwa miaka ishirini na tisa Pyo Geum-sun alikagua glavu katika kiwanda kimoja pale Gunsan. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa chini ya taa, kugeuza glavu ndani nje, na kusema "pita" au "rudi." Alipostaafu, mdomo ulikuwa umekwishazoea. Nyumbani supu ilipita au ilirudi. Mkwe wake alirudi mara mbili kabla ya kupita.

Mwezi wa kumi, akiwa amesimama na gari lake kwenye taa nyekundu karibu na soko la samaki, akagongwa nyuma. Aliyemgonga alikuwa mwalimu wa kwaya aliyejaribu kuizuia keki isidondoke kitini. Keki nayo ilidondoka. Mwalimu aliinama mara nane kuomba radhi, akaipigia simu kampuni yake ya bima, na robo saa haikupita akafika mkadiriaji, Bwana Seok, mtu mpole mwenye kikohozi. Akapiga picha, akasema kosa lote ni la mwalimu.

"Mama, lipeleke kwa Bwana Gu," alisema. "Gereji yake tunafanya nayo kazi siku zote. Wewe ni kusubiri tu."

Siku ya nne Geum-sun alikwenda kulichukua gari pamoja na mumewe, Byeong-ho, ambaye watu humwita Baba Su-bin kwa jina la binti yao. Gari liling'aa kama yai lililomenywa. Bwana Gu akamsogezea karatasi ya kusaini kwamba mteja ameridhika.

Geum-sun alichomoa sindano kwenye ukosi wa blauzi, akaipitisha kwenye mwanya wa mlango wa buti.

"Fundi, huku inapita, huku inakwama."

"Mama, hiyo ni milimita moja! Nani ataiona?"

"Mimi."

"Zaidi yako?"

"Mvua."

Bwana Gu akamgeukia Byeong-ho. "Mzee, pole. Huko nyumbani unaishije?"

"Kwa uangalifu," alijibu Byeong-ho.

Geum-sun akaomba orodha ya vipuri vilivyobadilishwa. Iliandikwa: bampa jipya, na chuma kipya cha nyuma ya bampa. Akatandika boksi sakafuni, akapiga magoti, akamulika chini kwa simu. Chuma kilikuwapo. Kilikuwa na kutu, na mchirizi wa rangi ya buluu wenye upana wa kidole.

Alikaa pale chini muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mchirizi ule aliujua. Miaka saba nyuma alilirudisha gari kinyumenyume, akalivaa tangi la maji la dada yake, la buluu. Mumewe akamdanganya kwamba mtu asiyejulikana amemgonga pale sokoni, akatokomea. Byeong-ho alishinda sokoni Jumamosi tatu akichungulia bampa za watu. Mwisho alimpata muuza figili mwenye kilori cha buluu, akamwita mhuni mbele ya mke wa muuzaji huyo. Hawajasalimiana tangu siku hiyo.

"Chuma hiki ni cha zamani," Geum-sun alisema alipoinuka.

"Kipya kabisa! Hiyo kutu ni vumbi la njiani."

"Na hiyo buluu?"

"Ya kiwandani."

Akampigia Bwana Seok. Alikuja, akakohoa, akachuchumaa, akatazama.

"Mama, nikitaka kumbana lazima nijue alama hii ilikuwapo kabla. Unajua ilitoka wapi?"

Wanaume watatu wakamtazama. Njia ya mkato ilikuwepo: kunyamaza, kusaini, na kwenda zake na chuma kilichooza.

"Ni tangi la dada yangu," alisema. "Nililigonga mwenyewe. Dada alipiga picha, maana alikuwa anacheka."

Akampigia dada yake, na picha ikatumwa muda si mrefu. Bwana Seok akaishika simu kando ya chuma. Mchirizi ulikuwa ule ule, na pembe ile ile iliyopinda.

Bwana Gu akasoma kalenda ukutani. "Huenda mafundi wangu walisahau kukifunga kile kipya."

"Kiko wapi?"

"Kitaagizwa leo."

"Kitafungwa nikiwa nimesimama hapa," alisema Bwana Seok, "na orodha hii naiweka kwenye ripoti. Mpaka siku hiyo mama anatumia gari lako."

Njiani, ndani ya gari la Bwana Gu, Byeong-ho alianza walipofika darajani.

"Mama Su-bin."

"Abee."

"Jumamosi tatu."

"Najua."

"Mbele ya mkewe."

"Nilisikia."

Asubuhi ya pili Byeong-ho alikwenda sokoni peke yake. Alirudi na figili kumi na nane, mzigo wa kulisha nyumba tatu, akaziweka jikoni bila maelezo. Geum-sun alizikata na kuzitia chumvi bila kuuliza.

Alhamisi chuma kipya kilifungwa, Bwana Seok akitazama na kukohoa. Mara hii sindano ilipita pande zote mbili. Geum-sun alisoma karatasi mbele na nyuma, akasaini, akaomba nakala. Bwana Gu akaitoa nakala kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi kitu cha moto.

Geum-sun aliponyoosha mkono kuchukua ufunguo, alikuta Byeong-ho keshauchukua.

"Naendesha mimi," alisema.

Aliendesha polepole mno, akitazama kioo cha nyuma kila baada ya muda. Karibu na mashamba ya mpunga walipitwa na trekta. Geum-sun alifungua mdomo kumkagua, kisha akaufunga.