Gitaa Lisilovunjika

Gitaa la kwanza la Besi liliishia kichwani mwa mtu. Mtu mwenyewe alikuwa welda, fundi wa mageti na madirisha, mwenye karakana yake nyuma ya kituo cha mafuta. Jumamosi hiyo alimzaba mhudumu wa baa kofi lililomwangusha juu ya kreti za soda, eti kaletewa bia ya moto. Baunsa alimkunja, akamburuta mpaka nje, na geti la chuma likambana vidole kabla hajautoa mkono. Wateja wakacheka. Welda akarudi na chupa iliyovunjwa mdomo, akalenga kisogo cha baunsa.

Besi alikuwa ameshuka jukwaani kwenda kunywa maji. Hakupiga kelele. Alilishika gitaa kwa mikono miwili, kama mtu anayepasua kuni, akalishusha. Mbao nyembamba ya uso wa gitaa ilipasuka, ikamshuka welda mpaka mabegani, ikabaki imemkaa kama kola. Alipotolewa nje damu ikimtoka puani, vijana wa karakana yake wakiangalia pembeni ili wasicheke, alisema, "Nitarudi. Na sitakuja na chupa."

Baunsa ni mdogo wake Besi, baba mmoja mama mmoja. Wanamwita Komeo. Kwa urefu na upana alionao, akisimama mlangoni mlango umefungwa.

Baa yenyewe ni ndefu na nyembamba kama behewa. Mlango uko upande mmoja, jukwaa upande wa pili, na nyuma ya jukwaa ni stoo ya bia. Aliye mlangoni haoni kitu zaidi ya migongo ya watu na moshi wa sigara. Aliye jukwaani anaona yote: nani kanuna, nani kaingiza mkono ndani ya koti, nani kasimama akiwa bado ana bia nusu. Kwa hiyo ndugu hao wawili walikuwa na namna yao ya kufanya kazi. Besi akiupiga uzi mnene wa gitaa, ule wa juu kabisa, mara moja, katikati ya wimbo wowote, maana yake nenda kaunta. Mara mbili, njoo huku nyuma. Akiupiga mfululizo bila kuacha, kuna mtu ameshika chuma, geuka. Wateja walidhani ni madoido yake. Ndiyo maana wakampa hilo jina.

Siku nyingine za wiki Besi huosha chupa uani kwa baa hiyohiyo. Vidole vyake vina makovu ya vigae, na ncha zake ni ngumu kama kwato. Muziki haumlipi sana, ila Jumamosi mchana, karakana zikifunga na mafundi wakiwa na hela mfukoni, baa haiwezi kukaa kimya.

"Usipopata gitaa, Jumamosi naweka redio," mwenye baa alimwambia. "Sina ubaya na wewe."

"Redio ina macho?"

"Ina nini?"

"Basi, bosi."

Nyumbani alimwambia mdogo wake aache kazi. Komeo alikuwa anakula, hakuinua kichwa. "Dada, niache kazi kwa kumwogopa mtu aliyevaa gitaa?"

"Yule hatanii."

"Na mimi sitanii. Wewe tafuta gitaa."

Walikwenda dukani pamoja. Duka lilikuwa chumba kimoja, magitaa yamening'inizwa darini kwa kamba za katani, na muuzaji alikuwa mzee wa makamo mwenye miwani iliyoungwa kwa gundi. Besi alitaja hela aliyonayo. Muuzaji akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mkono mtupu haulambwi, dada yangu, ila wako una chumvi kidogo. Unapiga nini? Kanisani? Harusini?"

"Baa."

"Basi unataka la kuchomeka waya."

"Nataka uzi mnene, huu wa juu kabisa, usikike mpaka barabarani."

Kisha akamtuma Komeo avuke barabara, akasimame mbele ya mashine ya kusaga nafaka, mahali ambapo mtu na mtu husemezana kwa kupigiana kelele sikioni. Alipe duka mgongo, na kila akiusikia ule uzi ainue mkono. Muuzaji alilitazama lile jitu likivuka barabara, akauliza kama huyo ndiye shemeji yake. Besi akasema ni mdogo wake. Muuzaji akasema, "Kama huyo ndiye mdogo, mkubwa sitaki kumwona."

Gitaa la kwanza kujaribiwa lilikuwa jekundu, linang'aa kama pipi. Besi alilichomeka kwenye spika ya duka, akaupiga uzi mnene. Ulitoka mzito na mlegevu, kama mtu anayeongea na blanketi mdomoni. Ng'ambo ya barabara Komeo hakuinua kitu.

La pili lilikuwa zuri kupita yote. Uso wake ni mbao ya kipande kimoja, nyepesi, na alipolipiga bila waya sauti ilijaa chumba mpaka muuzaji akafumba macho. Lakini ndani halikuwa na kidaka sauti, kile kifaa kinachopeleka sauti kwenye waya, na hela ya kuweka kimoja haikuwepo. Besi alilishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Aligonga uso wake kwa kidole, akakumbuka ule uliokuwa shingoni mwa welda, akalirudisha kwenye kamba yake.

"Kuna hili," muuzaji alisema, akitoa nyuma ya kaunta gitaa jeusi lililokwanguka. "Sikufichi, ni plaiwudi mwanzo mwisho. Nyuzi zake ziko juu, zitakuumiza. Ila ndani lina mashine yake, ona, kitufe cha sauti, cha besi, cha sauti kali. Haliimbi hili. Linaongea tu."

"Nataka linaloongea."

Akapandisha kitufe cha besi, akapiga. Kioo cha kabati kilitetemeka. Ng'ambo, Komeo hakuinua mkono tu, aligeuka mzimamzima, ngumi zimekunjwa. Akamkuta dada yake mlangoni mwa duka, anacheka.

Muuzaji alilifunga kwa gazeti. "Betri nimekuwekea mpya," alisema. Besi alisema asante. Gitaa lake la zamani halikuwahi kuwa na betri; fundi redio alibandika kidaka sauti ndani, akatoa waya, ikawa imetosha. Hakuuliza betri hiyo inaliwa vipi.

Kosa lilianzia hapo, na mtu asiyeijua baa hiyo asingelifanya. Spika ya pale ina tundu moja la waya. Ukichomoa waya wako tu, kuna mteja kachomeka simu yake, na kumtoa ni ugomvi mwingine. Kwa hiyo Besi, miaka yote, alichomeka gitaa lake Ijumaa akimaliza kuosha chupa, akaliacha hivyohivyo limelala jukwaani, waya tumboni, kulinda nafasi. Ijumaa hiyo alifanya vilevile na gitaa jeusi.

Jumamosi mchana baa ilijaa kabla ya saa yake. Habari za welda zilikuwa zimesambaa, na watu hupenda kuwepo. Fundi seremala mmoja aliuliza kwa sauti kama leo kuna bei ya kuingilia.

Mwanzoni kila kitu kilikwenda sawa. Wawili waligombea kiti hapo kaunta, mmoja akampiga mwenzake kichwa cha pua, damu ikaruka kwenye glasi za watu. Besi akaugonga uzi mnene mara moja. Komeo alifika kabla wa pili hajaanguka vizuri, akawabeba wote wawili kwa mikanda ya suruali, akawatupa nje mmoja juu ya mwingine. Baadaye kidogo, nyuma, dereva wa lori alimkaba mtu kwa sababu ya mwanamke ambaye hakuwa wa yeyote kati yao. Mara mbili. Komeo akaja, akamzaba dereva kofi moja, jino likadondoka kwenye bia ya jirani. Jirani akalitoa kwa vidole, akamrudishia. Gitaa jeusi lilikuwa linaongea.

Kisha sauti yake ikaanza kukwaruza. Besi alidhani ni spika, akapandisha kitufe. Ikakwaruza zaidi, ikawa nyembamba, ikakohoa. Ikakatika.

Ndipo mlango wa stoo ukafunguka nyuma yake. Welda hakupitia kwa Komeo. Aliruka ukuta wa uani, akapita katikati ya kreti zilezile ambazo Besi huosha chupa zake. Mkononi, usawa wa paja, alishika bapa la msumeno wa chuma alilolinoa kwenye mashine yake, limefungwa mpira wa tairi kwa mpini. Hakumtazama Besi. Alipita mbele ya jukwaa, akaanza kuivuka baa nzima kuelekea mlangoni, kwa mwendo wa mtu anayekwenda kulipa bili.

Besi akaupiga uzi. Mfululizo, bila kuacha. Ulisikika meza ya kwanza tu. Wateja, muziki umekatika, walikuwa wanagonga meza na kuimba, "Muziki! Muziki! Muziki!" Akaita jina la mdogo wake. Likazama humo humo. Mlangoni Komeo alikuwa amewapa mgongo, anabishana na mlevi aliyetaka kuingia na baiskeli.

Besi aliruka. Waya ulinyooka, ukaiangusha spika nyuma yake, ukachomoka. Alipanda juu ya meza, akamkanyaga mtu mkono, akaona bapa likiingia chini ya kwapa la mdogo wake na kutoka. Komeo aligeuka kwa mshangao tu, kama aliyeguswa bega. Pigo la pili alilidaka kwa mkono mtupu, na welda akalivuta. Vidole viwili vilibaki vikining'inia.

La tatu halikufika. Gitaa lilimpata welda sikioni, akaenda chini. Uso wa plaiwudi haukupasuka. Besi akapiga tena, taya. Halikupasuka. Akapiga tena. Watu waliokuwa wanaimba walinyamaza, na ndani ya baa ile ikabaki sauti moja, mbao na mfupa, mbao na mfupa. Hakuna aliyemshika. Aliyemsimamisha ni Komeo, ameketi chini ameegemea geti, damu imejaa mapajani.

"Dada. Dada, basi. Ameshalala."

Welda hakufa. Taya lake lilifungwa kwa nyaya, sikio moja halisikii, na baada ya hospitali alikwenda gerezani. Gitaa lilikwenda kituoni, likafungwa kikaratasi cha kielelezo. Askari aliyemhoji Besi alimuuliza kwa nini alimpiga mtu aliye chini mara zote hizo. Besi alifikiri kidogo, akasema, "Halikuvunjika." Askari aliandika hivyohivyo. Walimwachia.

Komeo alitoka wodini na pafu na vidole viwili vilivyoshonwa, na mkono usiofumbika. Mlangoni akawekwa mwingine. Yeye alipewa kazi ya kupanga chupa uani, karibu na dada yake, na kwa wiki nyingi hakumsemesha zaidi ya salamu. Besi alidhani ni maumivu.

Aliporudi dukani kutafuta gitaa jingine, alimsimulia muuzaji jinsi sauti ilivyokatika. Muuzaji aliuliza swali moja tu. "Uliliacha na waya ndani?"

"Tangu Ijumaa."

Mzee akavua miwani. "Dada yangu, lile ukichomeka waya tu linaanza kula betri. Upige usipige."

Siku hiyo hakununua kitu. Alirudi uani, akakaa juu ya kreti, akamweleza mdogo wake yote: waya, Ijumaa, betri. Alimaliza kwa kusema, "Mimi ndiye nimekukata hivyo vidole." Komeo aliendelea kupanga chupa mpaka kreti ikajaa.

"Kumbe ulipiga," alisema.

"Nilipiga mpaka kucha ikang'oka. Ulidhani nini?"

"Nilidhani umemwona ukaogopa. Ukanyamaza." Alijaribu kucheka, pafu likamkata, akajishika ubavu. "Yaani mimi nimechomwa kisu na betri."

"Usicheke, utajishonoa."

"Betri, dada. Ya redio."

Wiki iliyofuata walikwenda pamoja. Muuzaji alikuwa ametenga gitaa kuukuu la kahawia, lenye kidaka sauti cha kubandika, halina mashine, halili kitu. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya lile jeusi, na Komeo hakuwa tena na mlango wa kulinda. Hata hivyo alivuka barabara bila kuambiwa, akasimama mbele ya mashine ya kusaga, akawapa mgongo. Besi alichomeka waya, akaupiga uzi mnene mara moja, akangoja.

Ng'ambo, mkono ukainuka, na vidole vyake viwili vilivyopinda.