Mbaazi za Bi Jalila na Boksi la Povu

Mimi na Bi Jalila tumepakana ukuta hapa Timbwani mwaka wa ishirini na sita sasa, na kwa muda wote huo sijanunua mbaazi kwa mtu mwingine. Nisingethubutu. Ni mwanamke mkali, wa maneno machache, na mbaazi zake za nazi zinajulikana hadi ng'ambo ya feri.

Zamani ukitaka mbaazi za asubuhi ulipeleka bakuli lako jioni, ukaliacha barazani pake. Alfajiri Bi Jalila aliyajaza mabakuli yote, akayafunika kwa kitambaa, ndipo akaenda kuswali. Kila bakuli alimjua mwenyewe. Likija kubwa kuliko la jana, alijua nyumba ile ina mgeni. Lisipoletwa siku mbili, alikwenda kupiga hodi kuuliza nani anaumwa. Hakuna aliyemtuma. Ndivyo alivyo.

Kisha watu wakazidi haraka. Wanaovuka kwenda kazini walitaka kitu cha kushika mkononi, wakile njiani na kutupa chombo. Lynnette, aliyefungua kibanda cha chakula upande wa pili wa barabara, akaleta maboksi meupe ya povu, ile plastiki nyepesi ya kufungia chakula, na wateja wakahamia kwake. Bi Jalila alinuna mwezi mzima. Mwisho naye akanunua maboksi, maana mumewe ameshastaafu bandarini na nyumba nzima inaitegemea sufuria ile moja.

Kosa alilofanya angelifanya mpika mbaazi yeyote wa kwetu. Aliyajaza maboksi kama alivyozoea kujaza mabakuli: kabla ya sala, mbaazi zikitokota, tui zito juu, kifuniko, kitambaa. Aliporudi kutoka kwenye mswala akainua boksi la kwanza, kidole kikazama. Chini palikuwa pamelegea na kukunjamana. La pili hivyo hivyo. Akaniita nikaone.

"Hiki kilichoyeyuka kimekwenda wapi?" aliniuliza.

Sote wawili tulijua kimekwenda wapi.

Binti yake Ikhlas, aliyekuja kwa mamake kungoja kujifungua, akasoma kwenye simu. Joto na mafuta hulilegeza povu lile, na chembe zake huweza kuingia chakulani. Zinadhuru kiasi gani, wataalamu hawajakubaliana. Bi Jalila hakungoja wakubaliane. Ikhlas asile humo, akasema, hata kijiko kimoja.

Na wateja je? Akatangaza watu walete mabakuli. Siku ya kwanza yalikuja tisa, langu likiwemo. Baada ya wiki yalikuwa matatu, na nusu ya sufuria ikachacha. Akajaribu kuzipoza mbaazi kwanza. Wakadai anawauzia kiporo. Akayarudia maboksi, akijaza mtu akishafika tu, haraka haraka, bila kumtazama usoni. Nilikasirika sana, na wala si kwa ajili yake. Nilikasirikia huo mtaro wetu uliojaa maboksi, mvua ikinyesha maji yanatuingilia uani. Ukiyazoa maboksi hayo yanamomonyoka punje nyeupe; kuku wanazidonoa, zinazobaki zinateremka baharini. Nimezifagia punje hizo mpaka mgongo unaniuma. Kesho yake ziko.

Mwikali alikuwa mteja wa kila siku, binti wa Kikamba anayeshona nguo kwenye kiwanda huko Changamwe. Mimba yake na ya Ikhlas zilipishana wiki chache tu, na Bi Jalila alikuwa akimzidishia upawa bila kumwambia. Jumatatu moja alifika, akaamkia, akapokea boksi lake. Ndipo akamwona Ikhlas barazani, anakula kwenye bakuli.

"Mama, mbona Ikhlas hali kwa boksi kama sisi?" Alikuwa akicheka.

Angeweza kudanganya. Mimi, wallahi, ningedanganya. Bi Jalila alisimama na upawa mkononi.

"Mwanangu, boksi hilo halifai kwa kitu cha moto. Layeyuka. Nawe kwa hali yako hii..."

Mwikali aliacha kucheka. "Na mimi umenipa tangu Ramadhani iishe?"

"Nimekupa. Nisamehe, mwanangu. Kesho nitakutilia kwenye bakuli langu mwenyewe, ukae hapa ule."

"Kumbe ulijua."

Akaliweka boksi mezani polepole, akaondoka na njaa yake. Foleni nzima ilikuwa imesikia. Nikadhani wote watatawanyika. Elkana, mpakiaji mizigo, akasogea mbele akalichukua boksi lile lile. "Mimi sina mimba," akasema, na watu wakacheka, wakaendelea kupanga foleni.

Kesho yake Bi Jalila aliamka mapema kuliko kawaida, akalijaza bakuli, akalifunika, akangoja mpaka tui likaganda juu ya mbaazi. Saa moja kasorobo tukamwona Mwikali ng'ambo ya barabara. Alikuwa anatoka kwa Lynnette, boksi jeupe amelituliza juu ya tumbo, mvuke unatoka. Bi Jalila akamwita kwa jina. Akamwita tena. Mwikali akaongeza mwendo kuelekea feri. Bi Jalila akashuka barazani bila viatu, akasimama ukingoni mwa mtaro, asijue akimkimbilia atamwambia nini ambacho hajamwambia.