Bi Mstari na Fundi Asiyekuwa Kitabuni

Saa mbili kasorobo asubuhi. Masjala ya mahakama haijafunguliwa na tayari foleni imefika ngazini. Ndani, mwanamke wa miaka hamsini na moja anafungua rejista ya kesi, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa kiatu. Anaweka rula chini ya kesi ya mwisho ya jana. Anapiga mstari.

Wenzake wanamwita Bi Mstari, na si kwa mapenzi.

Kanuni ni nyepesi: kesi ikifika, iandikwe siku hiyohiyo kwa namba inayofuata. Usifute, usiruke. Lakini hapa makarani walizoea kuacha nafasi tatu, nne chini ya ukurasa. Waliziita "viti vya wageni". Kesi iliyochelewa ya mtu anayejuana na wakubwa iliketi hapo, ikapewa tarehe ya nyuma kana kwamba iliwahi.

Na ya asiyejuana na mtu? Ilikaa sakafuni.

Ndivyo fundi baiskeli mmoja alivyosota mahabusu siku mia moja sitini na tatu kwa tuhuma ya kuiba pampu. Pampu! Faili lake halikuandikwa. Bila namba hakuna tarehe, na bila tarehe humwoni hakimu. Mama yake alikuja kila Jumatatu, na karani mkuu alimjibu bila kuinua macho: "Bibi, mwanao hayumo kitabuni."

"Kitabuni hayumo, gerezani yumo," mama akamjibu. "Sasa kinachonidanganya ni kitabu au ni geti?"

Bi Mstari aliyasikia hayo. Alipekua maboksi siku mbili, akalikuta faili chini ya feni mbovu. Karani mkuu akamwonyesha nafasi tupu ya miezi mitano nyuma.

"Dada, liweke hapa. Litakaa vizuri, hakuna atakayeuliza."

"Litakaa vizuri kwa nani? Aliyelala kwenye saruji ni wewe?"

Akaliandika kwa tarehe ya siku aliyolikuta, na pembeni akaongeza: *Lilipokelewa siku 163 zilizopita. Halikuandikwa.* Kisha akarudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akapiga mstari juu ya nafasi tupu zote. Zilikuwa arobaini na moja.

"Umenichongea," karani mkuu akafoka.

"Nimeandika tu, bosi. Ndiyo kazi uliyonipa."

Hakimu aliyasoma maneno yale ya pembeni, akaagiza fundi aletwe leo. Barua ya kumhamisha Bi Mstari nayo imefika: kuanzia Ijumaa, anahamia stoo ya vifaa.

"Miaka ishirini na miwili ninaandika watu," anawaambia wenzake. "Leo kosa langu ni kuandika! Sawa, nitahesabu mifagio. Lakini nimemwandikia hakimu: kitabu hiki kisomwe mlangoni kila Jumatatu, kila mtu asikie jina lake. Asiponijibu, nitaandika tena. Stoo kuna karatasi tele."

Mama wa fundi anafika kaunta. Bi Mstari anamgeuzia rejista. Mama hajui kusoma, anaweka kidole.

"Ni hapa?"

"Hapo hapo, mama. Na hakuna wa kumtoa kitabuni."