Umekalia Abiria

Klim, jirani yao, alipofika na lori, Rodion Fomich alikuwa amekwisha kuzichomoa mashine zake za kuchimba bitikoini, sarafu ya mtandaoni, na kuzifunga kwa mablanketi. Hapo kijijini kwao, karibu na Bratsk huko Siberia, kila gereji ilikuwa na mashine zilizonguruma na kuipasha joto miche ya nyanya. Kisha umeme wa majumbani ukapanda bei, na bohari kubwa ya mashine, chini ya bwawa la umeme, ikaanza kuwameza wachimbaji wadogo mmoja mmoja.

"Kule umeme rahisi kama theluji," Klim alisema. "Wewe kaa tu, ule gawio."

"Na kanuni za bitikoini zikitaka kubadilishwa? Nani atasema ndiyo au hapana kwa niaba ya mashine zangu?"

"Bohari, nani tena? Ah, jirani! Kwani zina kadi ya kura?"

Taisia, mkewe Rodion, aliangua kicheko. Rodion hakucheka. Kuwa na kauli ndiko kulikomwingiza katika kazi hii: daftari la fedha linaloandikwa na mashine za wengi, ili pasiwe na bwana wa kulichezea. Sasa aliwaza hayo kama anayewaza ya mtu mwingine.

Kabla ya safari wakaketi kimya, kama ilivyo ada ya Warusi. Rodion aliketi juu ya furushi moja la mashine.

"Nyanyuka, mzee," Klim akamtania. "Umekalia abiria!"

Akanyanyuka. Akamsaidia kupakia.

Theluji ilipoyeyuka, bohari ikapokea programu mpya yenye kanuni zilizolegezwa. Wenye mashine hawakuulizwa. Rodion hakuiweka programu hiyo kwenye kompyuta yake kuukuu ya jikoni, iliyokuwa ikikagua kila ukurasa wa daftari. Asubuhi moja kompyuta ikaukataa ukurasa. Ikaukataa na uliofuata. Akatazama kurasa hizo zilikotoka: bohari ya bwawani.

"Inakataa nini?" Taisia aliuliza, akisogeza miche iliyohamia dirishani kwa kukosa joto la gereji.

"Kazi ya mashine zetu."

"Basi iambie ikubali. Mbona wewe ulikubali?"

Hakuna aliyemnyang'anya Rodion kitu; mafundo ya yale mablanketi aliyafunga kwa mikono yake. Wanaopokonywa hulia. Wanaotoa wenyewe hawajui hata pa kuanzia.

Aliketi mbele ya kompyuta kama kabla ya safari. Programu mpya ilingoja abonyeze mara moja tu.

Hakubonyeza. Kompyuta ikaendelea kuzikataa kurasa za bohari, peke yake, na jikoni mkawa na baridi.