Godoro la Persis

Obadiah Nyangau ameshtakiwa kwa ukaidi, na aliyemshtaki ni Jasper Onsongo. Habari hiyo ilipoenea kwenye vilima vya juu ya Gesima, watu walidhani ni mzaha. Nyangau ni yule naibu chifu anayevaa kaki hata akienda kukagua majani chai yake, anayesimama wima akipigiwa simu na mkubwa. Kama huyo ni mkaidi, kina mama walisema kwenye kituo cha chai, basi sisi wengine tufungwe maisha. Lakini mashtaka yalikuwa ya kweli. Alikuwa amekataa amri halali mbele ya askari, na alitakiwa ajitetee kwa mkuu wa utawala, ambaye huku bado tunamwita DC, la sivyo avuliwe kazi.

Onsongo ndiye chifu, Nyangau yuko chini yake. Babu zao walizaliwa tumbo moja, kwa hiyo watoto wa huyu ni watoto wa yule. Onsongo alikuwa akikitamani kiti cha Nyangau kwa ajili ya shemeji yake, na hakupata sababu ya kumng'oa mtu asiyekosa kazini. Basi akatafuta amri ambayo Nyangau asingeweza kuitii. Hiyo ndiyo akili ya huyo mtu, na asisifiwe kwayo.

Asubuhi moja aliingia bomani kwa Nyangau na askari wawili, akasema amepashwa habari kwamba kuna chang'aa, ile pombe haramu, imefichwa katika nyumba ya Bosire, mwana wa kwanza wa Nyangau. Chang'aa, katika boma la Wasabato wanaolima chai na hata hiyo chai hawainywi! Bosire alikuwa kazini Nakuru. Ndani alikuwamo mkewe, Persis, na mtoto mchanga.

"Naibu, ingia," Onsongo akasema. "Anza na chumba cha kulala. Inua godoro."

Kila Mgusii anajua kwamba baba hakanyagi ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa, sembuse chumba cha mkamwana wake. Hiyo ni chinsoni, ile heshima yenye aibu ndani yake, inayomweka baba mbali na mambo ya ndani ya wanawe na wake zao. Nyangau mwenyewe ndiye aliyempimia Bosire kiwanja cha nyumba hiyo, na hajawahi kuuona ukuta wake kwa ndani. Persis akimletea uji, huuweka juu ya kigoda uani kisha huondoka.

"Chifu, hapa siingii, na wewe unajua kwa nini," Nyangau akajibu. "Mama Bosire yuko, aingie yeye. Ama utume askari."

"Nimekuamuru wewe."

"Basi siingii."

Onsongo akamsukuma kando, akawaambia askari wangoje, akaingia mwenyewe. Ilikuwa ni hasira ya kukataliwa au kiburi cha sare, yeye ndiye ajuaye. Waliokuwa uani walimsikia Persis akilia. Kisha godoro likatupwa nje, na nguo zake za ndani zikafuata, zikatua mbele ya miguu ya baba mkwe wake. Nyangau akageuka akatazama migomba. Chang'aa haikupatikana, na kabla ya jioni Persis alikuwa amemfunga mtoto mgongoni akarudi kwao Nyansiongo.

Onsongo naye alipopoa akaona alichokifanya. Akaeneza maneno kwamba walioingia ni askari, yeye alisimama uani tu. Aliapa hivyo hata kanisani, na watu wakaamua kumwamini, maana kuamini vinginevyo kulikuwa kugumu.

Hapo ndipo Nyangau alipoanza kumchukia kwa utulivu, chuki ya mtu anayelala vizuri na kuamka nayo. Mkewe Kwamboka alimsihi aombe radhi kabla ya siku ya kujitetea.

"Baba Bosire, omba msamaha yaishe. Ukifutwa kazi tutasemaje?"

"Yataisha vipi na mkamwana wangu amekimbia boma langu? Nataka yule mtu aone haya mpaka akose pa kuuficha uso."

Alimwomba Mungu amsamehe kwa kulitaka jambo hilo. Alipomaliza kuomba akaendelea kulitaka.

DC alikuwa mtu wa Taita, mwenye Kiswahili laini, bado mgeni katika nchi yetu. Aliruhusu kila upande ulete mashahidi. Onsongo alileta wale askari wawili. Nyangau alileta wazee, na wote walikuwa wa ukoo wake na Onsongo. Onsongo alipowaona alitabasamu, akidhani Nyangau amewaleta waje kulilia mila mbele ya serikali.

Nyangau hakuitaja mila. Alivua bereti, akasema, "Mheshimiwa, ni kweli nilikataa. Lakini naomba kuuliza. Hiyo nyumba ilipekuliwa ama haikupekuliwa? Kwa sababu kama chifu naye alisimama tu huko nje, basi sisi wawili tulikataa kazi."

"Chifu?" DC akauliza.

Onsongo akawatazama askari wake. Walikuwa wameapa kusema kweli, na walijua ni nani aliyewaambia wangoje. Akajinyoosha.

"Ilipekuliwa, Mheshimiwa. Niliingia mimi mwenyewe. Nilifika mpaka chumba cha kulala, nikainua godoro. Mimi kazi ya serikali sichezi nayo."

DC akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kwa Kiswahili maneno hayo yalikuwa safi kabisa. Huku kwetu Kiswahili ni lugha ya ofisi na ya shule, mtu huivaa asubuhi na kuivua akifika nyumbani, na mengi aliyoyasema nayo huyaacha hukohuko. Onsongo aliyategemea hayo bila hata kuyafikiria.

"Asante, Mheshimiwa," Nyangau akasema. "Sasa wazee wangu Kiswahili hawakisikii vizuri. Naomba chifu awarudilie hayo maneno kwa Kigusii, vile ameyasema."

Wazee walikisikia vizuri sana. Mzee Ondieki alikifundisha shuleni mpaka akastaafu. Lakini wote walikaa na nyuso za watu wasioelewa hata neno.

"Ni haki yao," DC akasema. "Warudilie, chifu."

"Inche," Onsongo akaanza, yaani mimi, na hapo akakwama. Kwa Kigusii hakukuwa na mshukiwa wala chumba cha kupekuliwa. Kulikuwa na mke wa mwanangu na kitanda chake. Akaanza tena, akakwama palepale.

"Si maneno machache tu?" DC akashangaa.

Onsongo akamtazama Nyangau, na macho yake yalikuwa yakiomba. Nyangau aliyaona. Angeweza kusema kwamba inatosha, wazee wameelewa. Alikunja mikono akangoja, na kule kungoja kulimpendeza kuliko kitu chochote alichokipata katika utumishi wake wote. Mzee Ondieki akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Wengine wakamfuata bila kuaga.

"Chifu," DC akasema hatimaye, "kama kulisema tu kunakushinda, mwenzako ulimwamuruje alitende?"

Mashtaka yakafutwa. Nyangau akabaki na kazi yake, lakini hakuwa ameshiba.

Aibu ya Onsongo ilimtangulia nyumbani. Wake wa wanawe wakaacha kumpelekea chakula. Mwanawe wa mwisho alikuwa ameposa binti wa Nyakoe, na baba wa binti akasema hampeleki mtoto wake katika boma ambalo mzee huinua magodoro. Ndipo Onsongo akatuma wazee kwa Nyangau na ahadi ya mbuzi wa kusafisha mambo.

"Sisi Wasabato damu ya mbuzi hatuitaki," Nyangau akawajibu. "Aulizwe aliyekosewa."

Jambo kama hilo yeye na Persis wasingeweza kulizungumza, kwa hiyo aliyekwenda Nyansiongo ni Kwamboka. Alirudi akijizuia kucheka.

"Amesema atarudi siku Onsongo atakapomletea godoro jipya. Alibebe mwenyewe kichwani, siku ya soko, na awe amevaa sare."

"Na mimi nilidhani mwenye kisasi hapa ni mimi," Nyangau akasema, na akampenda sana mkamwana wake siku hiyo.

Onsongo alilibeba. Kina mama wa ndizi walinyamaza alipopita, na afadhali wangecheka. Nyangau alifuata nyuma hatua kwa hatua, mikono mgongoni, wala hakumshikia hata ncha. Walipofika bomani, Persis alikuwa mlangoni na mtoto wake. Onsongo akasimama mbali, shingo ikimtetemeka. Kuukaribia mlango hakuweza tena, na Persis hakusogea.

"Niliweke wapi?" akauliza kwa Kiswahili.

Nyangau akavuta kigoda, akaketi.

"Uliza kwa Kigusii," akamwambia.