Tokeni Zenye Mkia wa Sifuri

Mjomba aliponiambia kwamba nimemwokoa, nilianza kumshuku papo hapo. Mtu hasifiwi bure, hasa na anayemlisha. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na nilikuwa nalala sebuleni kwake katika ploti ya Kayole, jengo la vyumba vya kupanga ambalo yeye ndiye msimamizi wake. Nilijiuliza kama sifa hizo hazikuwa njia ya upole ya kunikumbusha kwamba nyumba ile ina chumba kimoja.

Kazi niliyomfanyia ilikuwa ndogo. Stima ya ploti yetu ni ya tokeni, namba ndefu unayoiingiza kwenye mita ndipo upate umeme uliolipia, na kila asubuhi kampuni iliyotuwekea mita humtumia mjomba faili moja la maandishi matupu, la walionunua stima. Kila mstari una nyumba, jina la mpangaji, nambari ya mita, kisha tokeni yenyewe, vyote vikitenganishwa kwa mikato. Mjomba aliendesha malori maisha yake yote na macho yake yamezoea vitu vya mbali. Alikuwa akiinua simu, akiishusha, akiisogeza dirishani, akinakili tokeni mojamoja kwa kidole gumba na kumtumia kila mpangaji. Chai ilikuwa inapoa mpaka inafanya utando.

Nikamwandikia programu kwenye laptop yangu ya chuo. Faili likiingia linajifungua lenyewe ndani ya jedwali, kila kitu kinakaa kwenye safu yake, ujumbe unatoka kwa kila mpangaji, kisha faili linahamishiwa kwenye folda ya yaliyokwisha. Yeye kazi yake ni kubonyeza kitufe kimoja na kurudi kwa chai.

Niliijaribu kupita kiasi. Niliogopa mstari mtupu. Niliogopa mwenye duka la chini, ambaye kampuni iliandika jina lake na mkato katikati, na kweli jina lilipasuka, nusu yake ikaangukia safu ya mita, ikabidi nimtengenezee ulinzi wake peke yake. Niliogopa pia jirani wa pili, muuza viatu wa Eastleigh, aliyependa kukaa kwenye ngazi karibu na mlango wetu, simu yake imechomekwa kwenye soketi ya ploti.

"Msomi," aliniita siku moja, "hiyo mashine inajua nani anapika kwa stima, sindio?"

"Inajua mita tu," nikamjibu.

"Aa. Ndivyo wanavyosemaga."

Niliwaza sana nini maana ya "ndivyo wanavyosemaga". Lakini faili za majaribio nilikuwa nimezitunga mwenyewe, na tokeni nilizoziweka zilikuwa fupi, za kuchapa haraka. Hilo halikunipa wasiwasi hata kidogo, mimi ninayeamka kuhakikisha kwamba mlango nilioufunga umefungwa.

Jumamosi asubuhi tukaianzisha rasmi. Jedwali lilipofunguka niliona safu ya tokeni imeandikwa kwa mtindo wa ajabu, namba fupi yenye nukta na herufi katikati. Nikaipanua safu, nikaiamuru ionyeshe tarakimu zote, zikaonekana ndefu na za kawaida. Mjomba akabonyeza. Ujumbe ulitoka kabla chai haijamiminwa, na ndipo aliposema nimemwokoa.

Wa kwanza kushuka alikuwa mama wa ghorofa ya tatu. Huyu alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na badala ya kurudi kwao magharibi alinunua mashine ya kuangulia mayai, sanduku la mbao lenye balbu na feni, akaliweka pale kilipokuwa kitanda cha binti yake. Ploti nzima ilijua kwamba mayai yamekaribia kupasuka. "Mama, hao kuku watalipa kodi?" watu walimtania ngazini, naye alikuwa akijibu, "Watakulipia na wewe."

Asubuhi hiyo hakuwa na utani.

"Stima imeisha alfajiri," alisema. "Nimeingiza tokeni yako, mita inakataa. Nimerudia na kurudia, inakataa. Sasa imenionya. Nikikosea tena inajifunga mpaka kesho. Mayai yanapoa, mwanangu."

Lile "mwanangu" lilinichoma. Hakuwa amewahi kuniita hivyo, na nilijiuliza ananibembeleza au ananihukumu.

Kabla sijamjibu, wengine walikuwa wameshafika uani na simu mkononi. Muuza viatu akajifanya mwenyekiti.

"Leteni simu hapa. Wewe, mkia wa tokeni yako unasemaje? Sifuri tupu. Na wewe? Sifuri. Mama? Sifuri. Hizi tokeni zote zimezaliwa na baba mmoja?"

Watu wakacheka, lakini kicheko kile hakikuwa cha furaha.

"Msomi, zile halisi mmepeleka wapi?"

"Sijapeleka mahali."

"Basi zimetembea zenyewe."

Nilimtazama mjomba anitetee. Alisimama mlangoni, kikombe mkono mmoja, simu mkono wa pili. Simu yake ilikuwa mpya, na nilikuwa sijamuuliza aliinunua vipi. Nilimshuku. Nilimshuku pia muuza viatu, kwa sababu anayepiga kelele za mwizi mara nyingi huwa anajua njia ya kutokea. Nikaishuku kampuni kuliko wote. Nikawapigia simu, nikawekewa muziki, na sauti ya mwanamke ikanishukuru kwa subira ambayo sikuwa nayo.

Nikarudi kwenye laptop. Jedwali nalo lilikuwa na sifuri zilezile, tano mwishoni mwa kila tokeni. Kwa hiyo ujumbe haukukosea, ulibeba ulichopewa. Nilikuwa tayari kuwatangazia watu kwamba kampuni imetuuzia tokeni bandia. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Kisha nikakumbuka kwamba faili lenyewe la asubuhi hiyo hakuna mtu aliyelitazama. Programu ililipokea, ikalimeza, ikalificha kwenye folda ya yaliyokwisha, kama nilivyoiagiza.

Nikalifungua kwa programu ya kuandikia tu, ile isiyojua hesabu. Tokeni zilikuwa pale, nzima, kila moja na mkia wake tofauti.

Nilielewa mara moja. Jedwali liliona tarakimu ishirini likadhani ni idadi ya kitu. Kwa idadi kubwa namna hiyo hushika tarakimu kumi na tano za mwanzo, zinazobaki huzijaza sifuri. Kwa mwenye kuhesabu mchanga hiyo si hasara. Kwa mita, tokeni ni kama ufunguo, na jino moja likikosekana mlango haufunguki. Nilipaswa kuiambia programu mapema kwamba safu ile ni maandishi, isiiguse. Nilichofanya ni kuipamba ionekane vizuri.

Nikatoka uani nikaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikitaja safu na tarakimu. Nyuso hazikubadilika.

"Kwa hiyo una namba nyingine," alisema mama wa ghorofa ya tatu.

"Ninayo ya kweli, mama. Nikusomee."

"Ya asubuhi pia ilikuwa ya kweli."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amebakiwa na nafasi moja kwenye mita, na chumbani kwake blanketi zote za nyumba zilikuwa juu ya lile sanduku. Angeingiza namba yangu, ikikataa, ingekuwa giza mpaka kesho na mayai yamekufa. Nami, nikisema ukweli, sikuwa na uhakika. Je, kama kampuni nayo imelipitisha faili kwenye jedwali lao kabla ya kututumia? Je, kama tarakimu moja tu ya katikati imeharibika, mahali pasipoonekana?

Akamgeukia mjomba. "Kwenu Ukambani, mtu akikuletea pombe, nani anaonja kwanza?"

"Aliyeileta," mjomba akajibu.

"Na kwetu ni hivyo hivyo. Nyinyi mmenunua stima leo?"

"Tumenunua. Tumo kwenye faili hilo hilo."

"Basi onjeni."

Umati ukaingia nyumbani kwetu, wengine na viatu. Godoro langu lilikuwa bado sakafuni na wote waliliona. Mjomba aliweka kikombe, akavaa miwani, akasimama mbele ya mita yetu. Nilisoma kutoka kwenye faili, tarakimu nne nne, na kila aliporudia nilishuku masikio yangu. Mwisho akaniashiria nibonyeze mimi.

Mita ilinyamaza. Kisha ikalia mlio mfupi, na namba za stima yetu zikapanda.

"Walioonja hawajafa," alisema muuza viatu, na mara hii kicheko kilikuwa kicheko.

Tulipanda ghorofa ya tatu, mimi nimekumbatia laptop. Mama aliingiza tokeni mwenyewe, akanifanya nisome mara mbili kabla ya kugusa, na mara ya tatu baada ya kumaliza, akilinganisha na kioo cha mita. Alipobonyeza alifumba macho. Balbu ya sanduku ikawaka, feni ikaanza kuguna. Akaondoa blanketi mojamoja, akaingiza mkono, akatoa yai akaliweka sikioni mwangu bila kuniomba ruhusa.

"Unasikia?"

Nilisikia kitu kikigonga. Sikujua kama ni kifaranga au ni mshipa wa sikio langu.

"Nasikia," nilisema.

Siku hizi safu ya tokeni inasomwa kama maandishi. Programu hutoa kwanza mstari wa nyumba yetu peke yake, na wengine hawatumiwi chochote mpaka mita yetu ilie. Muuza viatu, akiwa kwenye ngazi na simu yake imechomekwa, huuliza kila asubuhi, "Mmeonja?" Mjomba hujibu, "Tumeonja," na hapo ndipo ninapobonyeza. Bado hulifungua faili na kulitazama kwa macho yangu kabla. Mjomba anasema hiyo ni kazi mara mbili. Simu mpya, nilikuja kujua, alizawadiwa na bosi wake wa zamani wa malori, ingawa sijamwona bosi huyo.

Vifaranga walitoka wiki ile ile. Wengi walitoka. Mayai machache hayakupasuka, na mama aliyateremsha kwa karai hadi pipa la taka, mbele ya mlango wetu, mimi nikiwa nimesimama pale.

"Ni baridi ya siku ile?" nilimuuliza.

Alilitua karai, akavuta pumzi.

"Hata kuku mwenyewe huacha mengine," alisema, akaendelea na safari yake.

Nimeigeuza sentensi hiyo mara nyingi. Hakunijibu ndiyo, na hakunijibu la. Lakini kesho yake alipotumiwa tokeni hakushuka kuuliza kama ni ya kweli, na nilisikia mita yake ikilia kutoka juu, mara moja tu.