Teno Aliyegeuzwa Zimwi

Siku ya kwanza kazini niliambiwa sina sauti. Ilikuwa Ushirombo, kwenye kwaya iliyoigiza hadithi za mazimwi na majini kwa kuimba, mwanzo mpaka mwisho, bila mtu kusema neno kavu. Mwalimu wa Kwaya, mtu mrefu mwenye kafimbo ka kuongozea, alinisikiliza akakunja uso. "Binti, hiyo sauti ni ya kuitia ng'ombe," akasema. "Lakini yule dada wa kwaya alipopotea noti pale katikati ya wimbo, uligeuka kumtazama kabla yangu. Masikio unayo. Kaa hapa."

Nikakaa, na katika kazi hiyo nikazeekea. Shule niliishia darasa la pili, kwa hiyo msinitafutie maneno makubwa. Kazi yangu ilikuwa kupanga sauti: hadithi ikishatungwa, mimi naamua nani awe nani. Soprano ni sauti ya juu ya wanawake. Hiyo nilimpa malkia wa majini, anayekaa ziwani, kwa sababu maji yakimeta yanachoma macho, naye aingie hivyo masikioni. Alto ni ya chini ya wanawake, na hiyo ni ya mchawi. Hapa wengi wanakosea, wanampa mchawi mtu wa kukwaruza. Mchawi wa kweli anaongea kama jirani aliyekuja kuomba chumvi. Nimeishi na mmoja ukuta kwa ukuta, lakini hayo tuyaache. Teno ni ya juu ya wanaume, ya kijana anayekwenda kumkomboa dada yake. Na besi, ile inayotoka chini ya kitovu, ni ya zimwi. Joka la mlimani nalo ni besi, ila besi ya kivivu, ya mtu aliyeshiba.

Kutoka hapo nilihamia Maganzo, kwenye kikundi cha Mwenyekiti, dalali wa almasi aliyevaa koti hata jua likiwa la kukaanga karanga. Huko ndiko nilikompata Lushinge. Alikuwa mchimbaji, kifua kama mlango wa ghala, mwili wa besi mtupu. Akafungua mdomo: teno! Teno safi, inayopanda bila ngazi. Wachimbaji wenzake hawakumpa nafasi ya kupumua. "Mwali wetu, hebu tuimbie tulale!" Yeye alicheka nao, lakini mimi niliona anavyouma mdomo. Nilimpa kijana mkombozi, na hakuna aliyemfikia.

Almasi ilipokuwa adimu watu wakaifuata dhahabu, nasi tukawafuata watu. Upande wa Geita kikundi kilikuwa cha Meneja, mwenye makarasha. Karasha, kwa msiolijua, ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu yawe unga. Anayelilisha mawe anarudi nyumbani mweupe kama aliyelala ndani ya gunia la sembe. Lushinge alilisha karasha mchana, jioni akaja mazoezini.

Sauti yake ikaanza kushuka. Kwanza noti za juu zikamkimbia, halafu za kati zikaota kutu, mpaka siku moja akatoa kitu cha chini, kizito, benchi nililokalia likatetemeka. Meneja akaruka. "Zimwi langu hilo! Nimelitafuta mkoa mzima!"

"Bwana Meneja, hiyo si besi," nikasema. "Hiyo ni teno inayoumwa. Besi inatoka tumboni. Hii inakwama kifuani, sikiliza inavyoburuta."

"Mama Kabula, watu watasikia tumbo? Watasikia mngurumo."

"Mtoe kwenye karasha. Mpeleke hospitali."

"Muulize mwenyewe kama anataka."

Nikamuuliza. "Mayu," akaniambia, ndivyo sisi Wasukuma tunavyomwita mama, "tangu nabalehe naitwa mwali. Leo nikisema 'habari' dukani, wanaume wanageuka. Na wewe unataka kuninyang'anya?"

"Ng'wanone, hilo ni vumbi, mwanangu."

"Basi vumbi limenipa uanaume." Akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Tangu hapo, kabla ya kila onyesho, alikwenda kusimama karibu na karasha avute pumzi. Anawasha sauti, alisema. Meneja aliona na hakumzuia.

Baada ya mavuno tukaitwa kwenye mashindano Kharumwa. Kwetu mashindano hayana majaji. Ndivyo ngoma zetu zilivyoshindanishwa tangu kwa mababu: vikundi viwili vinaanza pamoja, uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watu wanakwenda kwa anayewavuta. Anayebaki akiwaimbia mbuzi, ameshindwa.

Wenzetu walikuwa na malkia wa majini, soprano wa ajabu. Alipanda mpaka mimi mwenyewe nikasahau nimekuja na nani. Watu wakaanza kuhama. Meneja akanisukuma: "Litoe zimwi!" Hadithi haijafika huko, kijana hajavuka hata mto! Nikamshika Lushinge shati. "Niachie, mayu," akasema, akatoka.

Alitoa noti moja ya chini, ndefu, umati ukageuka kama ng'ombe waliosikia mbinja ya mchungaji. Mwisho wa noti pumzi ikakatika. Akapiga magoti, akakohoa, na kila alipokohoa watu walipiga yowe la raha. "Zimwi linakufa! Ongeza!" Upande wa pili ukabaki mtupu. Nilikimbia na kitenge kumfuta mdomo, kikaja na damu. Waliishangilia hata damu, wakidhani ni rangi. Meneja alirekodi yote kwa simu.

Daktari alisema vumbi la mawe likishakaa kwenye mapafu halitoki. Lushinge akabaki pale pale Kharumwa, kwao mkewe, akiongea kwa kunong'ona. Nilipokwenda kumwona mara ya mwisho aliniuliza, "Mayu, walihamia kwetu wote?"

"Wote."

Akatabasamu. Nilichukia tabasamu lile kuliko kifo chenyewe, ambacho hakikusubiri mvua. Meneja alinistaafisha kwa maneno machache: "Umezeeka, mama. Masikio yako yanasikia magonjwa tu."

Sasa ile rekodi iko kwenye kila simu, na vikundi vyote vya huku vinaimba zimwi kwa kikohozi. Vijana wazima, mapafu mapya, wanajifunza kukohoa. Asiyekohoa anazomewa.

Juzi mwalimu wa kikundi kimoja alinijia na mfuko wa sukari. "Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Besi wetu anajitahidi, bibi, ila kikohozi chake hakina ukweli. Wanasema wewe ulikuwepo. Tuambie, yule wa zamani alikipata wapi?"

Jibu lilinifika mdomoni kwa hasira. Nikalimeza. Nilimtazama usoni nikajua kwamba nikimtajia karasha, kesho atampeleka besi wake huko.